Mita Iligoma, au Sisi Hatukuielewa?

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wapo wageni waingiao nyumbani mwetu, wakakaribishwa na kupewa mahali pa heshima ukutani, na bado mwenyeji asipone kwa sababu haijui lugha yao. Mgeni ninayemzungumzia leo hali ugali wala hanywi maji. Ni kile kisanduku chenye vitufe, mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo.

Mama mmoja wa Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma mkoani Mara, alinisimulia yaliyompata jioni moja ya Novemba 2024. Umeme ulikwisha saa moja usiku. Baba mwenye nyumba, ambaye ndiye anunuaye umeme kwa simu yake, alikuwa kambini ziwani akivua dagaa. Binti yao alikuwa mtahiniwa wa kidato cha nne, na kesho yake alikuwa na mtihani.

Baba alipigiwa simu, akanunua umeme, akamsomea binti tarakimu 20. Binti akaziandika nyuma ya daftari, kisha akazibonyeza moja moja. Mita ikakataa. Akarudia mara ya pili na ya tatu, ikakataa. Walipompigia tena baba, simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji.

Basi kikatolewa kibatari cha zamani. Binti akaketi mkekani kusoma, na pembeni yake, ndani ya chandarua, amelala mdogo wake wa miaka minne. Usiku wa manane usingizi ukamwiba msomaji. Mtoto akajigeuza, mguu wake ukakipiga kibatari. Mafuta yakamwagika mkekani, moto ukarukia chandarua. Mama akamnyakua mtoto, akauzima moto kwa kanga aliyoitosa katika ndoo ya maji. Kwa bahati njema mtoto hakuungua. Lililoungua ni daftari, pamoja na zile tarakimu nyuma yake.

"Tuliilaani ile mita hadi kulipokucha," aliniambia. "Yupo aliyesema tumelogwa, maana kwa jirani taa ilikuwa inawaka."

Asubuhi jirani huyo alikuja kuwapa pole, akauliza swali moja tu: "Mama, ujumbe wa baba ulikuwa na mistari mingapi?" Baba alipopatikana alijibu kuwa ilikuwa mitatu. Miwili ya kwanza aliidhania kuwa ni makosa ya mtambo, akasoma wa mwisho peke yake.

Hapa, ndugu msomaji, yafaa tueleweshane. Mita za namna hii, ambazo mfumo wake ulianzia Afrika ya Kusini na kuenea katika nchi nyingi, huhesabu muda kwa dakika tangu tarehe 1 Januari, 1993. Kila namba ya umeme inayonunuliwa hubeba ndani yake alama ya dakika iliyotolewa, ili mita itambue namba iliyokwisha kutumika na kuikataa isitumike mara ya pili. Lakini nafasi ya hesabu hiyo ina kikomo. Haizidi dakika 16,777,216, na dakika hizo zilifikia ukingoni tarehe 24 Novemba, 2024. Ndiyo maana katika mwaka huo TANESCO iliwatangazia wateja kuwa watapokea mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuifundisha mita hesabu mpya, na la tatu ndilo lililokuwa umeme wenyewe. Ilipasa kuyaingiza yote kwa mpangilio wake, mara moja tu. Mita iliyokwisha kufundishwa hivyo hupokea fungu moja kama zamani.

Kwa hiyo mita ya Nyegina haikuwa na kiburi wala haikulogwa. Ilikuwa ikingojea kufundishwa, na mafundisho yake yalikuwa yamelala ziwani, katika mfuko wa baba.

Hapo ndipo penye fundisho la makala haya. Bibi zetu walikuwa na karabai na jiko la mafuta ya taa, na vyombo hivyo navyo vilijua kugoma. Lakini bibi alijua kufunga soksi ya karabai, alijua kupiga pampu, na sindano ya kuzibulia alikuwa nayo mwenyewe. Ujuzi wa chombo ulikaa mikononi mwa mwenye kukitumia. Leo mpishi ni mama, msomaji ni mtoto, lakini siri ya umeme imefungiwa katika simu ya mtu mmoja. Akisafiri, nyumba nzima hurudi gizani.

Basi tufanye nini? Kwanza, namba ya mita iandikwe mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba ataiona, ili yeyote mwenye simu aweze kununua. Pili, ujumbe wa umeme usikatwe kipande. Upelekwe nyumbani wote kama ulivyokuja. Tatu, watoto wakubwa wafundishwe kusoma uniti zilizobaki. Wajue kuwa pasi ya wati 1,000 humaliza uniti moja kwa saa moja, ilhali taa ya wati 9 huweza kuwaka zaidi ya saa 100 kwa uniti hiyo hiyo. Anayejua hayo hataduwazwa na giza la ghafla. Nne, kibatari kikilazimu, kisiwekwe karibu na chandarua wala mtu asilale kikiwa kinawaka.

Binti wa Nyegina alikwenda kwenye mtihani wake asubuhi ile, macho mekundu kwa moshi na kukosa usingizi, akaufanya hadi mwisho. Jioni yake mafungu yote matatu yalisomwa kwa simu, naye akayabonyeza kwa mkono wake, mama akiwa amesimama kando anahesabu tarakimu. Taa ikawaka. Tangu siku hiyo kuna daftari dogo limetundikwa kwa uzi chini ya mita, na mama ndiye mwandishi wake.

Nawe, ndugu msomaji, jiulize jioni ya leo: umeme ukikatika nawe uko safarini, nani nyumbani kwako anajua la kufanya?