Kutengeneza Chuma Kilichovunjika cha Bunduki Kuukuu

Wenye daftari na wazifungue. Viongozi wa vikundi, maswali ya mazungumzo yako mwisho wa somo hili.

Mzee mmoja wa hapa Upanga ametuletea swali. Ukutani kwake imetundikwa bunduki kuukuu ya kijeshi iliyotoka kwa babu yake, aina ya Mauser ya mwaka 1871. Haipigi tena: mtutu umezibwa, komeo limekatwa, na hati za polisi anazo. Sasa pete moja ya chuma, ile inayoushika mtutu na ubao pamoja, imekatika vipande viwili. Wajukuu wanamwambia, "Babu, tuipeleke Gerezani ikachomelewe, kazi ya dakika kumi tu." Mzee anasita. Je, anasita bure?

Kabla ya kujibu, tuijue bunduki yenyewe. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani hapa kwetu walikuwa bado wanachukua bunduki za namna hii. Tundu la mtutu wake ni milimita 11, na baruti yake ni ile nyeusi ya zamani. Ikilia, moshi mzito hutanda, na adui hujua mara moja mpigaji amejificha wapi. Askari aliyepewa bunduki hiyo alipigana na watu wenye silaha mpya zisizotoa moshi kama huo. Basi kila alama iliyomo katika chuma kile, iwe namba, mhuri au mkwaruzo, ni habari ya mtu aliyeishi.

Sasa tuje kwenye kazi. Jambo la kwanza ni usalama na sheria. Bunduki ya mzee wetu ilikwisha kukaguliwa. Lakini wewe ukiokota bunduki darini au shambani, usiivute, usiisafishe, wala usiipeleke kwa fundi. Yaweza kuwa na risasi ndani hata baada ya miaka mingi. Iache palepale, uwaite polisi. Kukaa na silaha bila kibali ni kosa, na uzee wa silaha usikudanganye.

Jambo la pili ni kujua kwa nini pete imevunjika. Tazama pale ilipokatika. Sehemu yenye kutu nyeusi ni ufa wa zamani. Sehemu inayong'aa ni ile iliyokatika juzi. Hapa Dar es Salaam upepo wa bahari una chumvi, na chumvi na unyevu huleta kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na ubao nao huvimba wakati wa mvua. Pete hubanwa kutoka ndani siku baada ya siku, hata ikashindwa. Kwa hiyo ukiunga pete na kuirudisha mahali penye unyevu uleule, itakatika tena.

Jambo la tatu ni njia ya kutengeneza. Kuchomelea huyeyusha chuma chenyewe, na chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za sentigredi. Rangi ya zamani huungua, na mihuri iliyo karibu hupotea. Kuunga kwa shaba hutaka moto mdogo kuliko huo, lakini bado chuma sharti kiwe chekundu. Kulehemu kwa bati hutaka moto mdogo zaidi, nyuzi mia mbili na kitu. Lakini kiungo chake si cha nguvu, na dawa kali ya kulehemu isiposafishwa vema huleta kutu mpya.

Nami niliwahi kukosea. Bibi yangu aliniachia pasi ya mkaa, mfuniko wake una ufa. Nikampa fundi nikamwambia, "Tengeneza." Akachomelea, kisha akasaga uso wote kwa mashine mpaka ukametameta. Jina la kiwanda likaisha, na alama za mikono ya bibi zikaisha. Na baada ya siku chache ufa mwingine ukatokea kando ya ule wa kwanza, kwa kuwa chuma cha kumimina hakipendi kupata moto na kupoa ghafula. Simlaumu fundi. Mimi ndiye sikumwambia ninachotaka.

Basi mzee wetu afanye hivi. Apige picha bunduki kabla ya kugusa kitu. Avae glavu au ashike kwa kitambaa, maana jasho la vidole lina chumvi. Avitoe vipande viwili bila kulazimisha, avisugue kwa brashi laini, avipake mafuta kidogo, kisha avitie katika kopo kavu lenye karatasi ya maelezo. Wala asivitupe.

Kisha aende kwa fundi na vipimo tu, bunduki ibaki nyumbani. Fundi akate ukanda wa bati la chuma wenye unene uleule, aukunje juu ya kigogo kilichochongwa kwa kipimo, aufunge kwa ribiti, alainishe kwa tupa. Upande wa ndani agonge mwaka wa kazi hii, ili asije mtu kesho akadhani ni pete ya zamani. Pete mpya ishike bila kubana. Mjukuu akipata njia bora zaidi, ataweza kuitoa, na ya asili atazikuta vipande vyake.

Mji wetu una mfano mkubwa wa kazi ya namna nyingine. Mwezi wa Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, na katika karakana za Dar es Salaam mafundi wakaiundia magari ya magurudumu. Wapagazi wakaivuta porini. Kazi ile ilifanywa ili mizinga iue tena. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Wapagazi wa upande wa Waingereza nao walikuwa wengi mno, na kambi yao ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo.

Sisi hatutengenezi ili silaha ilie. Twatengeneza ili isisahauliwe, na kwa kazi hiyo pete iliyovunjika husema zaidi kuliko pete iliyong'arishwa. Mzee wa Upanga hakusita bure.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini pete iliyoungwa yaweza kukatika tena?
2. Ukiokota bunduki kuukuu shambani, utafanya nini kwanza?
3. Kwa nini fundi agonge mwaka katika pete mpya?
4. Nyumbani kwako kuna chombo gani cha wazee kilichovunjika? Ungemwambia fundi nini kabla hajaanza kazi?