Utangulizi: Mti, Kaburi na Hati

Mjini Mombasa mtu anaweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi. Nyumba ameijenga mwenyewe, ameiezeka, anapangisha vyumba vyake na siku moja atawarithisha wanawe. Lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa huyo kodi ya mahali kuta zilipokaa. Visiwani Unguja na Pemba, kadhalika, mtu aliweza kuuza au kuweka rehani mikarafuu yake bila kuigusa ardhi iliyoiotesha, na minazi ya marehemu ikagawanywa kwa warithi mmoja mmoja, huyu mitatu, yule miwili, yote ndani ya shamba lile lile. Aliyefundishwa kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichomo ataona mambo haya ni vurugu. Msomaji mpya wa somo hili la ardhi namkaribisha aanzie papo hapo kwenye vurugu, asikimbilie kuipanga.

Hoja ninayoitetea ni hii. Kwa Waswahili na majirani zao Wamijikenda, ardhi haikujulikana kwanza kwa ukubwa wake. Ilijulikana kwa kilichosimama juu yake na kwa aliyelazwa ndani yake, yaani kwa mti na kwa kaburi. Hati ilikuja ikayakuta hayo mawili. Migogoro mingi tunayoisoma magazetini leo ni hati kushindwa kuyameza.

Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huendelea kuzaa hata aliyeupanda akazeeka na kufa. Kwa hiyo anayepanda mnazi hafanyi kilimo tu, anajiandikisha. Mkwezi anayeangua nazi katika shamba la ukoo hahitaji ramani, kwa kuwa anajua mnazi upi ni wa shangazi na upi umewekwa wakfu kwa taa za msikiti. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu aliutungia mti huu utenzi mzima, Umbuji wa Mnazi, uliochapishwa mwaka 1985. Wako wanaousoma kama orodha ya msamiati yenye vina. Mimi nauhesabu miongoni mwa maandishi muhimu ya sheria ya ardhi tuliyo nayo, ingawa najua wanasheria watanicheka. Mshairi anapopita kwenye kila kiungo cha mti na kutaja kazi yake, anaonyesha haki ngapi zinaweza kukaa kwenye shina moja: mwenye nazi, mwenye makuti, mwenye kugema, na mwenye kivuli tu.

Kaskazini zaidi, kwa Wabajuni, kuna vave. Hizi ni nyimbo za wakulima zinazoimbwa usiku, kabla ya kichaka kilichofyekwa kuchomwa moto ili konde lipandwe. Nani ataziweka kwenye rafu gani? Ni ushairi, maana zina ufundi wake na mafundi wake. Ni ibada kwa kiasi chake, maana moto si kitu cha kuuwasha bila kumtaja Mungu. Na ni kazi, maana kesho yake watu wanachoma. Vyuo vyetu vimegawa mambo haya katika idara tatu zenye milango mitatu, na kwa hiyo vave imeangukia kwenye ukumbi. Anayetafuta mada ya tasnifu na aiokote.

Sasa kaburi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate takriban miaka mia mbili iliyopita, husomwa shuleni kama mawaidha juu ya ulimwengu unaopita. Ni kweli. Lakini itazame pia kama shairi la mali isiyohamishika. Mshairi anatupitisha katika majumba ya mabwana wa Pate, yenye zidaka ukutani zilizokuwa na vyombo vya kaure, na kutuonyesha popo na buibui waliohamia humo, huku wenyewe wamebanwa na udongo. Jumba limepoteza mwenyewe. Mwenyewe amepata kipande kidogo ambacho hakuna atakayemdai. Wasomaji wengi huishia kwenye huzuni ya magofu. Nionavyo mimi, ukali wa mtunzi uko kwenye hesabu ya pili, ile ya kipande kidogo.

Hesabu hiyo inatoka katika dini aliyoishi nayo. Mwislamu anayekosa maji hutayamamu kwa udongo safi, akaswali. Anayezika hutupa konzi tatu za mchanga kaburini, huku akikumbushwa alikotoka na atakakorudi. Kati ya matendo hayo mawili kuna fikihi nzima ya shamba: zaka ya mazao ni sehemu moja ya kumi kwa shamba linalotegemea mvua, na nusu ya hiyo kwa linalomwagiliwa kwa gharama, mshirika ana haki ya shufaa, yaani ya kununua kwanza, mwenzake anapouza fungu lake, kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Wakristo wa pwani na bara nao wana udongo wao wa mazikoni na majivu yao ya Jumatano. Sitakaa hapo, kwani maandishi juu yake si haba.

Kwa Wamijikenda, kaburi na msitu ni jambo moja. Kaya zao, makao ya kale yaliyozungukwa na miti isiyokatwa, zina fingo, yaani hirizi iliyozikwa ardhini ili kuulinda mji, na nje ya kaya, kwenye maboma ya familia, husimamishwa vigango, nguzo za mbao za ukumbusho, vya waliokuwa wanachama wa gohu, chama cha wazee. Kigango hakiondolewi pale kiliposimikwa, hata familia ikihama. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo ya Wagiriama, baada ya viapo vya kuwapinga alivyoongoza Mekatilili wa Menza. Walielewa, pengine kuliko baadhi ya watafiti wa baadaye, kwamba msitu ule ulikuwa ni mamlaka. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Vigango vilivyoibwa na kuuzwa Marekani kama sanaa vimeanza kurudishwa, baadhi tu, na kurudi kwake kumezusha swali gumu: kigango kilichong'olewa kikirudi, kinarudi wapi?

Tusije tukadhani pwani haikujua karatasi. Kabla ya wakoloni, mashamba yaliuzwa kwa waraka ulioandikwa kwa Kiarabu na kushuhudiwa, na mpaka ukaelezwa kwa kutaja jirani wa kila upande. Kulikuwa hata na bei ya khiyari, ambayo kwayo mwenye shamba "aliliuza" kwa mkopeshaji, akabaki humo kama mpangaji, akilipa kodi mpaka atakaporudisha fedha. Njia ya kukopa bila kulitaja neno riba. Karatasi hizo ziliwataja watu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, katika ukanda wa pwani ya Kenya, ilitaka kitu kingine: mtu mmoja ajitokeze adai kipande kimoja. Ardhi isiyodaiwa hivyo ikawa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda, walioshika ardhi kwa ukoo na kwa kaya, wengi hawakuwa na mtu mmoja wa kumpeleka. Wajukuu wao leo huitwa maskwota kwenye mashamba yenye makaburi ya babu zao, na wanapofika mahakamani, makaburi na miembe ndiyo ushahidi wao.

Bara nako kaburi limebishana na sheria. Mwanasheria S. M. Otieno alipofariki Nairobi mwezi Disemba 1986, mjane wake na ukoo wake walipelekana mahakamani kwa miezi mitano kuhusu mahali pa kumzika, na hatimaye akazikwa Nyalgunga, kwao Siaya, Mei 1987. Tanzania ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969. Inaeleza utaratibu wa kufuatwa pale ardhi yenye makaburi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na gharama zipi zilipwe.

Kwa hiyo anayeingia katika somo hili atahitaji kuzoea vitabu visivyokaa pamoja maktabani, na wazee wasiokaa pamoja barazani. Aanze na kiwanja kimoja anachokijua. Aulize nani alipanda mti mkubwa kuliko yote uliopo, nani amezikwa hapo, jina la nani limo kwenye hati, na kama kuna wimbo unaopataja. Majibu yakilingana yote manne, atafute kiwanja kingine.