Spiriti katika Petroli na Farasi wa Milima ya Upare

Wanachama wetu kadha wa kadha wametuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa kutusimamisha njiani, juu ya jambo moja: je, ni kweli kwamba motokaa ikitiwa petroli iliyochanganywa na spiriti huzidi nguvu? Habari yenyewe wameisikia ikitoka bara, katika nchi ya Same na Milima ya Upare, waliko wakulima wenzetu wa viungo, maana wilaya ile inajulikana kwa tangawizi ya Mamba kama sisi tunavyojulikana kwa karafuu. Yasemekana huko gari ikinyweshwa spiriti hupanda mlima kama mbuzi. Na kwa kuwa wenye magari wameanza kuyatengeneza kwa ajili ya msimu, na mafundi wameanza kutoa shauri kila mmoja lake, tumeona tuwajibu wote pamoja.

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Barabara kuu itokayo pwani kwenda Moshi na Arusha hupita chini ya milima, Hedaru na Makanya, mpaka mji wa Same, ambao umekwisha kuwa juu ya bahari kwa mita zaidi ya 800. Ukiiacha barabara ile ukaingia milimani, njia huanza kupinda na kupanda, na kilele cha Shengena kina mita 2,462. Sisi Pemba tuna vilima vingi, tena vingine vikali, lakini hakuna hata kimoja kinachofika mita 150. Basi dereva wa Upare ana taabu ambayo dereva wetu haijui.

Taabu hiyo ni hewa. Nguvu ya injini huhesabiwa kwa farasi, kipimo alichokitumia James Watt katika karne ya 18 ili watu waweze kulinganisha mashine yake ya mvuke na wanyama waliowazoea. Farasi mmoja ni kama wati 746. Lakini farasi hawa hawatoki katika petroli peke yake. Kila gramu 1 ya petroli yataka gramu 14.7 za hewa ipate kuungua sawasawa, na juu ya mlima hewa ni nyepesi. Injini isiyo na taabo hupoteza kadiri ya asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 inazopanda. Injini yenye farasi 100 hapa bandarini Wete, ukiipeleka mahali penye mita 1,500 imebakiwa na farasi 85 hivi, na magunia hayakupungua hata moja.

Sasa spiriti. Inayosemwa hapa ni ethanoli, ambayo hupatikana kwa kuchachusha kitu chenye sukari, kisha kukichemsha na kuupoza mvuke wake. Wanachama waliotembelea kiwanda cha Wawi wakaona makonyo yanavyotolewa mafuta hawatapata shida kufahamu. Miwa si kitu kigeni kwa Wapare, ambao tangu zamani wana pombe yao ya miwa iitwayo dengelua. (Asishtuke msomaji, anayenyweshwa katika makala haya ni injini peke yake.) Karibu na Moshi, huko Arusha Chini, yako mashamba makubwa ya miwa ya TPC, na wilayani Mwanga, jirani ya Same, molasi hugeuzwa spiriti kiwandani. Kwa hiyo si ajabu maneno haya kuanzia upande ule.

Je, ina nguvu? Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Lita 1 ya ethanoli ina joto kama theluthi mbili tu ya joto la lita 1 ya petroli. Ukichanganya sehemu 1 ya spiriti na 9 za petroli, motokaa iliyokuwa ikitumia lita 10 itataka kiasi cha lita 10.3 kwa safari ile ile. Fadhila yake iko mahali pengine: haigongi upesi. Petroli dhaifu ikikandamizwa sana ndani ya silinda huwaka kabla ya wakati wake, ukasikia ule mlio wa kugonga. Ethanoli huvumilia mkandamizo mkubwa, na mkandamizo mkubwa ndio unaozaa farasi. Lakini mkandamizo haupandi kwa kubadili kilichomo tangini. Hupandishwa na fundi, kwa kuchonga kichwa cha silinda au kubadili pistoni. Motokaa ambayo haikuguswa, ikitiwa mchanganyiko, itabaki na farasi wake wale wale.

Tena milimani fadhila hii haihitajiwi sana, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi injini haigongi upesi hata kwa petroli ya kawaida. Basi kwa nini dereva wa huko aape kwamba gari lake limepata nguvu? Sisi twaona sababu moja iliyo wazi. Motokaa ya zamani yenye kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya pwani, ikifika juu huvuta petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ikatoa moshi mweusi na kulemewa. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, kwa hiyo mchanganyiko huo mzito hupungua kidogo na injini hupumua. Ni kweli, gari limepata nafuu. Lakini fundi angalipunguza petroli katika kabureta, nafuu ile ile ingalipatikana bila spiriti. Na dawa ya mlimani ikiletwa Pemba, penye hewa nzito, injini hiyo hiyo itakosa petroli ya kutosha, ipate joto na kukohoa.

Zipo nchi zilizoifanya kazi hii kwa mpango. Brazil ilianza mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda, na mwaka 1979 ikatoa Fiat 147 yenye injini iliyotengenezwa makusudi kwa ethanoli tupu. Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982 kwa spiriti ya miwa ya Dwangwa. Kenya nayo ilichanganya kwa spiriti ya Muhoroni kuanzia 1983, ikaacha miaka kumi baadaye. Kote huko mchanganyiko ulifanywa kwa kipimo. Hakuna aliyemimina chupa tangini.

Jambo la kuogopwa zaidi kwetu ni maji. Spiriti inayochemshwa kwa njia ya kawaida hubaki na maji kama sehemu 5 katika 100, na ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe mpaka yabaki chini ya 1. Ile ya madukani haikukaushwa. Zaidi ya hayo, ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na unyevu kisiwani kwetu haukosekani. Maji yakizidi kidogo, spiriti huiacha petroli na kushuka chini ya tangi pamoja na maji, na chini ndiko bomba linakovutia. Mwenye mashua ya mashine na afikiri maana ya hayo akiwa katikati ya mkondo na magunia ya karafuu kavu. Mipira ya injini za zamani nayo huvimba na kupasuka.

Lori la dizeli lisitiwe spiriti kabisa, hata kikombe. Haiwaki vizuri katika injini ya namna hiyo, na hufanya mvuke wa tangini uwe mwepesi kushika moto. Malori mengi yanayochukua karafuu zetu ni ya dizeli.

Na yule aliyeshauriwa kuchonga kichwa cha silinda ili aendeshe kwa spiriti, ajue kwamba siku spiriti itakapomwishia atarudi kwenye petroli ya kituoni, na injini yake itagonga mpaka pistoni zitoboke. Fedha hizo zatosha kununua filta mpya ya hewa na plagi, kurekebisha valvu, kupima mkandamizo wa kila silinda, kutazama kama breki hazishiki wakati gari linapokwenda, na kujaza upepo wa matairi. Magari mengi tunayoyaona yakishindwa kilima yamepoteza farasi wao katika mambo hayo, na huwapata tena kwa kazi ya siku moja.

Mwanachama ambaye amekwisha kutia spiriti na gari lake linakohoa, alimwage tangi lote, asiongeze petroli juu yake. Anayetaka shauri na aandike kwa ofisi aina ya injini, mwaka wake, na kama ni ya kabureta au la.