Mwalimu Mpya na Darasa Alilolikuta: Mafunzo Kutokana na Ajira za Makocha wa Mpira katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Katika Kiswahili cha viwanjani, kocha huitwa mwalimu, na jina hilo linamstahili. Kocha huandaa somo, huonyesha, hurudia, husahihisha makosa na kupima maendeleo, kama afanyavyo mwalimu wa darasa la pili anapofundisha kusoma. Tofauti ni kwamba matokeo ya kazi ya kocha huonekana hadharani kila wiki na huandikwa kwa tarakimu. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kujua ni nini hasa hutokea mwalimu mmoja anapoondoka na mwingine kushika nafasi yake, atapata ushahidi mwingi viwanjani.

Makala haya yanachunguza jambo hilo kwa kutumia mfano wa mpira wa Kimarekani unaochezwa katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Lengo si kumfanya msomaji awe mpenzi wa mchezo huo. Kila mwalimu-mwanachuo asomaye kurasa hizi atapangiwa shule, na huko aghalabu atapokea darasa lililokwisha kufundishwa na mwenzake. Yafaa basi ajue mapema ni mambo gani humfanya mwalimu mpya alete manufaa, na ni mambo gani humfanya abomoe.

1. Mchezo wenyewe na kazi ya kocha

Mpira wa Kimarekani si kandanda. Timu mbili za wachezaji 11 kila upande hugombea mpira wenye umbo la yai, na timu iliyo na mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nyingine nne. Kila jaribio huchukua sekunde chache tu, kisha mchezo husimama na kila mchezaji huelezwa kazi yake katika jaribio linalofuata. Kwa hiyo karibu kila mwendo uwanjani umefundishwa na kurudiwa mazoezini mara nyingi.

Timu ya chuo kikuu kikubwa huwa na vijana wapatao mia moja au zaidi, kocha mkuu mmoja na makocha wasaidizi kadhaa. Kocha mkuu huteua wasaidizi, huchagua mtindo wa uchezaji, na huzunguka katika shule za sekondari akitafuta vijana wenye vipaji. Madaraka yake ni makubwa, na malipo pia. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha wa chuo kikuu. Lakini kila mwaka, msimu ukielekea ukingoni, makocha kadhaa hufukuzwa na wengine huajiriwa.

2. Alabama: njia na muda

Paul Bryant alianza kuifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 1958. Katika misimu mitatu kabla ya kuja kwake timu ilikuwa imeshinda michezo 4 tu. Bryant alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1961, na hadi alipostaafu mwishoni mwa 1982 alikuwa amepata ubingwa huo mara sita. Baada yake chuo kiliajiri makocha saba katika muda usiozidi miaka 25, na mmoja wao aliondolewa kabla hajaongoza mchezo hata mmoja. Katika kipindi chote hicho ubingwa ulipatikana mara moja tu, mwaka 1992.

Januari 2007 aliajiriwa Nick Saban kwa mkataba wa miaka minane, wenye malipo ya dola milioni 4 hivi kwa mwaka. Watu wengi waliona fedha hizo ni nyingi mno. Msimu wa kwanza alishinda michezo 7 na kushindwa 6, mmojawapo dhidi ya chuo kidogo cha Louisiana-Monroe. Laiti angehukumiwa kwa mwaka huo peke yake, angeonekana hafai. Hata hivyo hakubadili njia yake. Mwaka 2008 alishinda michezo 12, na mwaka 2009 alishinda yote 14 na kuwa bingwa. Alipostaafu Januari 2024 alikuwa ameipatia Alabama ubingwa mara sita.

Njia hiyo ndiyo inayotuhusu sisi walimu. Mwaka 1998, akiwa kocha wa Michigan State, Saban alikabiliwa na timu ya Ohio State iliyokuwa ya kwanza nchini. Profesa mmoja wa magonjwa ya akili katika chuo hicho, Lionel Rosen, alimshauri awafundishe vijana wasiwaze ushindi, bali wawaze jaribio moja lililo mbele yao. Likiisha, liwe limekwisha, wahamie linalofuata. Michigan State ilishinda kwa pointi 28 kwa 24. Tangu hapo Saban alijenga mafundisho yake yote juu ya msingi huo: kazi kubwa igawanywe katika hatua ndogo, na kila hatua ifanywe vema bila ya kutazama ubao wa matokeo.

Chuo chenyewe nacho kilikua. Mwaka 2006 kilikuwa na wanafunzi karibu 24,000. Mwaka 2016 walizidi 37,000. Lakini tusiupe mpira sifa yote. Uongozi wa chuo ulikuwa ukiwavuta kwa juhudi vijana wa majimbo mengine, tena kwa kuwapa misaada ya masomo. Mwalimu mahiri hustawi vizuri zaidi katika taasisi inayojitahidi.

3. Nebraska: kuvunja kilichokuwa kimesimama

Mfano wa pili ni wa kinyume. Nebraska ilikuwa na desturi ya mwalimu kurithiwa na msaidizi wake. Bob Devaney aliyeanza mwaka 1962 alimwachia Tom Osborne mwaka 1973. Osborne, baada ya misimu 25, alimwachia Frank Solich, aliyewahi kuwa mchezaji na kisha msaidizi huko huko. Kwa miaka zaidi ya arobaini timu haikuwahi kumaliza msimu ikiwa imeshindwa michezo mingi kuliko iliyoshinda.

Novemba 2003 Solich alifukuzwa. Msimu huo alikuwa ameshinda michezo 9 na kushindwa 3, na miaka miwili nyuma alikuwa ameifikisha timu kwenye mchezo wa kugombea ubingwa. Sababu ilikuwa kwamba matokeo yake, ingawa mazuri, hayakufikia yale ya Osborne. Mahali pake aliwekwa Bill Callahan, aliyetoka kwenye mpira wa kulipwa. Wachezaji walikuwa wamechaguliwa na kufundishwa kwa miaka mingi kukimbia na mpira mkononi. Callahan alitaka mtindo wa kurusha mpira. Vijana waliokuwa hodari katika jambo moja wakawa wanagenzi katika jingine. Mwaka 2004 Nebraska ilishinda michezo 5 na kushindwa 6.

Makosa hayakuishia hapo. Bo Pelini, aliyeongoza kuanzia 2008 hadi 2014, alishinda michezo isiyopungua tisa kila msimu, naye akafukuzwa kwa kuonekana hatoshi. Kuanzia 2017 hadi 2023 timu ilimaliza misimu saba mfululizo ikiwa imeshindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

4. Indiana na Colorado: mabadiliko ya haraka

Msomaji anaweza kuuliza: je, hakuna mwalimu mpya aletaye mabadiliko ya haraka? Yupo. Chuo Kikuu cha Indiana kilishinda michezo 3 tu mwaka 2023, kisha kikamwajiri Curt Cignetti. Mwaka 2024 kilishinda 11 na kushindwa 2. Mwaka 2025 kilishinda michezo yote 13 hadi kutwaa ubingwa wa ligi ya Big Ten, jambo ambalo hakikulipata tangu 1967.

Kasi hiyo haikuwa mwujiza. Cignetti alikuwa msaidizi wa Saban huko Alabama kuanzia 2007 hadi 2010, kisha akawa kocha mkuu katika vyuo vidogo kwa miaka 13. Alipokwenda Indiana alifuatana na wasaidizi wake wakuu, pamoja na wachezaji zaidi ya kumi kutoka chuo alichotoka. Yaani njia yake ilikwisha kujaribiwa, wenzake waliijua, na baadhi ya wanafunzi waliweza kuwaonyesha wengine.

Colorado ilipomwajiri Deion Sanders Desemba 2022, timu ilikuwa imeshinda mchezo 1 na kushindwa 11. Wachezaji zaidi ya 50 walihama, na wapya wakaletwa. Mwaka 2023 timu ilishinda michezo 4, na mwaka 2024 ikashinda 9. Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Kocha aweza kubadili wanafunzi wake. Mwalimu wa shule ya msingi hawezi, wala haimpasi kutamani hivyo. Watoto aliowakuta ndio wake. Kwa hiyo njia ya Colorado haiwezi kuwa kielelezo kwetu.

5. Ushahidi wa watafiti

Mifano michache haitoshi kuthibitisha kanuni. Mwaka 2013 wataalamu watatu wa elimu ya siasa, Adler, Berry na Doherty, walitoa utafiti juu ya timu za vyuo vikuu kwa miaka ya 1997 hadi 2010. Walilinganisha timu zilizobadili kocha na timu za hali kama hiyo ambazo hazikubadili. Waliona kwamba kwa timu dhaifu sana, kubadili kocha hakukuleta tofauti kubwa. Kwa timu za wastani, zile zilizobadili zilifanya vibaya zaidi katika miaka iliyofuata kuliko zile zilizovumilia.

Sababu mojawapo ni rahisi kueleweka. Homa ikifika kileleni huanza kushuka yenyewe, na mganga aliyeitwa saa hiyo ndiye husifiwa. Vivyo hivyo timu iliyoanguka sana huelekea kuinuka kidogo, awepo nani asiwepo nani. Lakini gharama za kubadili hazikosekani. Texas A&M ilipomwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023, ilibaki na deni la kumlipa dola milioni 76 hivi ili asifanye kazi.

6. Yatupasayo walimu

Kwanza, mwalimu mpya asome darasa kabla ya kulibadili. Apitie azimio la kazi, shajara la somo na madaftari ya wanafunzi, na ikiwezekana azungumze na aliyemtangulia. Pili, asivunje njia katikati ya safari. Tuseme umekuta watoto wanajifunza kusoma kwa silabi, nawe umefundishwa chuoni kuanzia na sentensi nzima. Ukifuta silabi siku ya kwanza, mtoto aliyekwisha kuzimudu atageuka mjinga mbele ya macho yako, na kosa halitakuwa lake. Chukua silabi anazozijua, jenga nazo maneno, kutoka maneno nenda kwenye sentensi. Hivyo utamvusha bila ya kumzamisha.

Tatu, gawanya kazi katika hatua ndogo. Mtoto anayegawanya 84 kwa 4 asitishwe kwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Na aigawanye 8 kwanza, aandike jibu mahali pake, kisha aiendee 4. Nne, shirikiana na wenzako, kwani njia inayojulikana na mwalimu mmoja tu huondoka pamoja naye siku anapohamishwa.

La mwisho linawahusu watakaokuwa walimu wakuu. Matokeo ya darasa la saba yakiwa mabaya mwaka mmoja, aghalabu wazazi hudai mwalimu fulani ahamishwe. Huenda ni kweli hafai. Lakini kabla ya kukubali, iulizwe kwanza: darasa hilo alilipokea likiwa na hali gani, na alipewa muda gani? Saban wa mwaka 2007 asingeyapita mashtaka ya namna hiyo.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo matatu ambayo ungependa kuyajua juu ya darasa kabla ya kulifundisha kwa mara ya kwanza. Utayapata kwa nani au wapi?

2. Chagua mada moja ya hisabati ya darasa la tatu, uigawanye katika hatua ndogo ambazo kila moja yaweza kupimwa peke yake.

3. Kwa nini mabadiliko ya Indiana yalikwenda haraka na yale ya Nebraska mwaka 2004 yakarudi nyuma, ilhali vyuo vyote viwili vilileta kocha kutoka nje?