Mti na Uti: Jiometri na Maumbile katika Michoro ya Ibrahim El-Salahi

Katika sarufi ya Kiswahili, istilahi "dhahania" imezoeleka: nomino dhahania hutaja kisichoshikika wala kuonekana. Istilahi hiyo ilipohamia katika uhakiki wa sanaa ilikwenda na maana yake, na wanafunzi wengi huamini kwamba mchoro dhahania umebuniwa akilini tu, hauna asili katika ulimwengu wa macho. Imani hiyo haisimami mbele ya kazi za Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930.

El-Salahi alisomea uchoraji London, katika shule ya Slade, kuanzia 1954 hadi 1957. Aliporejea nyumbani, watu hawakuvutiwa na kazi zake. Ndipo alipoanza kutia maandishi madogo ya Kiarabu pembeni mwa michoro. Hatimaye akazivunja herufi zenyewe, na ndani ya vipande vyake akakuta maumbo ya wanyama na mimea.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, umo katika mfululizo wake wa miti. Mti anaouchora ni harazi, wa jamii ya migunga, umeao kandokando ya Mto Nile. Harazi hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi, miti mingine ikiwa mitupu. Kwa El-Salahi, aliyewekwa gerezani mwaka 1975 kwa zaidi ya miezi 6 bila ya kufikishwa mahakamani, ukaidi huo ni sura ya mtu asiyeyumba. Lakini jani halichori, wala gome. Huacha mistari wima, mistatili na pande za rangi zilizopangwa kwa kipimo.

Kiswahili kina utaratibu unaokaribiana na huo. Mzizi -ti hutupa mti, na hutupa pia uti, yaani shina lililonyooka, au uti wa mgongo. Kiambishi kimebadilika, mzizi umebaki. Ndivyo ilivyo kwa mtu na utu, ingawa u- hizi mbili zina asili tofauti katika Kibantu na ulinganisho usivutwe kupita kiasi. El-Salahi naye huuvua mti hadi ukabaki uti. Wanaofafanua "dhahania" kuwa jambo la kufikirika hawajakosea kuhusu nomino. Kuhusu michoro ya namna hii, kitenzi kinachofaa ni "kudondoa", si "kubuni".