Fundi Akiharibu Nyumba Anapotengeneza Sakafu

Siku hizi nyumba nyingi zilizokuwa na sakafu ya saruji tupu zinatiwa vigae. Kazi hiyo ni njema, maana sakafu ya vigae husafishwa kwa urahisi. Lakini mara nyingine fundi huja kupamba chumba akaacha hasara nyuma yake. Tindo yake hutoboa bomba lililozikwa sakafuni. Au huosha ndoo zake katika tundu la maji machafu, saruji ikaganda ndani hata maji yasipite. Ndipo mwenye nyumba hukasirika akamfukuza pasipo kumlipa hata senti moja. Sisi twasema iko njia iliyo bora, inayolinda nyumba na ujira pamoja.

Jambo la kwanza ni kuzuia hasara isizidi. Bomba likitoboka, ifungwe koki kuu mara moja. Maji yakikaribia nyaya za umeme, izimwe swichi kuu na mtu aliye mahali pakavu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo yakubaliana na wahenga. Kifungu cha 73 chasema kwamba avunjaye mkataba hulipa hasara itokanayo na kosa lake kwa kawaida. Lakini katika kuihesabu, hutazamwa pia njia zilizokuwapo za kuondoa udhia huo. Basi aliyeacha maji yatande siku tatu, naye akiona, asitumaini kulipwa hasara ya siku zote tatu.

Jambo la pili ni kuchunguza kwa utulivu, pamoja na fundi mwenyewe. Gongeni kila kigae kwa sarafu: kikilia kama mtungi mtupu, huenda gundi haikushika chini yake. Lakini si kila ufa ni kosa la fundi. Je, watu wa nyumbani walikanyaga vigae kabla havijakauka? Je, fundi alionyeshwa bomba linapopita? Mwenye nyumba aliyejua akanyamaza ana sehemu yake ya lawama. Kisha pigeni picha, andikeni tarehe, na kipande cha bomba kilichotobolewa kisitupwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni hesabu ya haki. Tuseme ujira uliosalia ni shilingi 60,000, na kutengeneza bomba ni shilingi 15,000. Mwambieni hivi: "Fundi, vigae umevipanga vizuri, lakini bomba hili limetobolewa na tindo yako. Je, utalitengeneza kabla ya Jumamosi, au tumwite fundi bomba na gharama yake itoke katika ujira wako?" Akikubali gharama itolewe, apewe shilingi 45,000 siku ileile, na wote wawili watie sahihi. Kumnyima zote 60,000 kwa hasara ya 15,000 ni dhuluma, maana naye ana watoto wanaongoja chakula. Wala haifai kuzuia vyombo vyake vya kazi.

Akikataa kabisa, aandikiwe barua yenye kutaja hasara, gharama na siku ya mwisho ya kujibu. Kisha jambo lipelekwe kwa wazee wa mtaa, maana mengi huishia hapo. Likishindikana, wasomaji wetu wa Kenya wanayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na yapaswa kuyakata katika siku 60. Mtu aweza kujisemea mwenyewe, asiwe na wakili.

Lakini heri kuzuia kuliko kushtakiana. Kabla tindo haijagusa sakafu, andikeni patano fupi: kazi ni ipi, ujira ni kiasi gani, mabomba na nyaya zapita wapi, ndoo zitaoshwa wapi, na sehemu gani ya ujira italipwa baada ya kazi kukaguliwa. Msomeeni fundi, apate kuuliza. Nanyi walimu, wafundisheni wanafunzi wakubwa kuandika patano la namna hiyo. Karatasi moja iliyoandikwa asubuhi yaweza kuokoa nyumba, ujira na ujirani pia.