Popo wa Kidike na Hodi ya Angani

Magharibi ilikaribia. Popo wa Kidike, hapa kwetu Pemba, alinyoosha mbawa akatafute embe mbivu. Mara ndege ya abiria ikapita, ngurumo tupu.

"We ndege!" popo akaita. "Wewe una mbawa, mimi nina mbawa. Mbona mimi naruka bila ruhusa ya mtu?"

"Wewe wabeba tumbo lako tu," ndege ikamjibu. "Mimi nabeba roho za watu. Bila ruhusa siruki."

Ruhusa ya nani, ami? Ahsante, mwanangu, umeuliza la maana. Ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Hukagua ndege, hukagua rubani, hukagua mafundi. Isiporidhika, hakuna kuruka. Bara na Visiwani, mamlaka ni hiyo moja.

Na ndege ya jirani je? Hapo, wanangu, fikirini ua wa nyumba. Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago yakakubaliana: anga iliyo juu ya nchi ni mali ya nchi hiyo, kama ua ulivyo wa mwenye nyumba. Ukitaka kuingia, piga hodi. Na hodi si moja. Kuleta wageni uani kwa jirani, hodi moja. Kuchukua mzigo uani kwake ukaupeleka nyumba ya tatu, hodi nyingine.

Ami, majirani hugombana? Hugombana sana! Air Tanzania iliomba kubeba mizigo kutoka Nairobi kuipeleka nchi nyingine. Kenya ikakataa. Januari 2024 TCAA nayo ikatangaza: kuanzia tarehe 22, ndege za abiria za Kenya Airways zisije Dar es Salaam kutoka Nairobi.

Ikawaje? Mawaziri wa mambo ya nje, January Makamba wa Tanzania na Musalia Mudavadi wa Kenya, wakazungumza. Kenya ikaitikia hodi. TCAA ikaondoa zuio lake, hata tarehe 22 haijafika.

Mbona walipatana upesi? Aa, swali tamu hilo! Ukimfungia jirani mlango wa ua, nawe umejifungia ndani. Abiria wa pande zote wangekwama.

Siku mkienda uwanja wa ndege, tazameni maandishi ubavuni mwa ndege. 5H ni ya Tanzania, 5Y ni ya Kenya. Mkiiona 5Y imetua kwetu, jueni imepiga hodi, ikaambiwa karibu.